Kibali cha Kitindamimba

Tangu maporomoko yale ya ardhi, sheria ilikuwa moja: familia hairudi mlimani mpaka kitindamimba wake akubali mwenyewe mbele ya mashine ya kutoa vibali. Paskalina alikuwa amemkaririsha bintiye Tekla, wa miaka sita, wiki nzima. Mumewe, kwa uhakika huo, alishapanda mlimani alfajiri kwenda kuezeka paa la nyumba yao.

"Unataka kurudi nyumbani?" mashine ikauliza.

"Ndiyo. Nimepakumbuka."

"Hayo ni maneno ya mama. Nipe yako."

Tekla akamtazama mamaye. "Mlima bado unanguruma. Nikilaza sikio chini, nausikia."

"Acha uongo, wewe!" Paskalina akamfinya.

"Mama Tekla, tangu asubuhi watoto kumi na tisa wamesema hivyo hivyo. Kuna mtu wenu huko juu?"