Hodi Mara Tatu, Kisha Ondoka

Kwa siku nne nzima, kwenye tovuti ya shule, juu ya maneno "Mkuu wa Shule", alikaa mbuzi. Alikuwa mbuzi mzuri, ameitazama kamera kwa heshima zote. Kilichomuuma Mwalimu Ziada, mkuu mwenyewe, si mbuzi. Ni zile siku nne ambazo hakuna aliyeona tofauti.

Aliyemweka ni Qasim Fatehali wa kidato cha nne. Sasa alikuwa amerudishwa kwao Lindi, mwendo wa saa nne kwa basi kutoka bweni lake la Kilwa, na amekaa chumbani, ghorofa ya pili juu ya duka la baba yake, akitumikia adhabu kwa kompyuta.

Adhabu ilipangwa kwa hekima. Mwalimu Alfonsi wa kompyuta alikuwa ametengeneza programu ya kulinda tovuti: kila asubuhi inafungua ukurasa kwenye kivinjari, inaupiga picha, kisha inampa picha hiyo wakala wa akili bandia, naye anaikagua kama ina mbuzi. Programu ilifanya kazi. Mwongozo wa kuitumia ndio haukuwepo. Qasim auandike, hatua kwa hatua, na wakala ambaye hajawahi kuiona programu hiyo aufuate peke yake mpaka apate picha.

"Wakala akikwama, umekwama," Mwalimu Alfonsi alimwambia kwenye simu. "Mtihani wa taifa utausikia redioni."

"Huyo wakala yukoje, Mwalimu?"

"Hajui kitu, na hasahau kitu. Mtumie ujumbe, atakujibu."

Qasim akaandika. Hatua ya kwanza, fungua programu. Ya pili, andika anwani ya ukurasa. Kwenye hatua ya tatu ujana ukamzidi. Alikuwa akiiandikia mashine, na mashine haisengenyi.

"Kuna kurasa nzito," aliandika, "zinazofunguka taratibu, kama Mwalimu Ziada anavyopanda ngazi. Usipige picha kabla hazijafika juu. Fanya kama mtu mwenye adabu kwenye mlango wa watu: piga hodi, subiri. Piga tena. Usipojibiwa mara ya tatu, ondoka zako, uandike kuwa wenyewe hawapo."

Akatuma, na kwa utani akatanguliza: "Shikamoo, wakala."

"Marahaba," wakala akajibu.

Qasim alicheka peke yake. Kumbe Mwalimu Alfonsi amefundisha adabu hadi mashine.

Kisha yakaja maswali. "Umesema nibonyeze kitufe. Naona viwili. Kipi?" Qasim akarekebisha. "Umesema nisubiri kidogo. Kidogo ni kiasi gani?" Akarekebisha tena, akiuma meno. Halafu hili:

"Mwalimu Ziada hupanda ngazi kwa muda gani?"

Qasim alilifikiria swali kwa uzito wake. Mwongozo ni mwongozo. "Ngazi kumi, dakika tano, mapumziko mawili."

"Nimeandika," alijibu wakala.

Siku mbili zikaisha hivyo. Ya tatu, asubuhi na mapema, ujumbe ukaingia: "Picha nimeipata. Haina mbuzi. Niipeleke wapi? Mwongozo hausemi."

Kweli haukusema. Hatua nane zote zilikuwa zimemtuma mtu sokoni bila kumwambia arudi nyumbani. Qasim akaongeza ya tisa: "Mpelekee aliyekutuma."

"Aliyenituma ni wewe. Uko wapi?"

Hapo alicheka mpaka machozi. "Lindi mjini, duka la Fatehali, ghorofa ya pili, mlango wa buluu. Iandike picha jina langu, usije ukampa jirani."

"Nimeelewa," alijibu wakala, akanyamaza.

Akanyamaza saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Qasim akalaumu mtandao. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akala mihogo bila kuonja pilipili. Ilipofika saa ya nne alianza kujiona ameketi kando ya redio, wenzake wako kwenye chumba cha mtihani, na yeye anauza sabuni za vipande mpaka ndevu zimwote. Bila jibu la wakala hakuna shule.

"Hodi," ikasikika mlangoni.

Sauti ilikuwa nyembamba, imekatika, ya mtu aliyeishiwa pumzi. Bila shaka ni mpagazi wa dukani, katumwa amwite akapange magunia ya mchele. Qasim akajikausha. Mtu mwenye adabu akikosa jibu mara tatu, huondoka.

"Hodi."

Qasim alifumba hata macho.

"Hodi hapa."

Qasim akahesabu mpaka kumi, akatabasamu. Ndipo kompyuta ikalia. Alikuwa wakala, hatimaye.

"Nimepiga hodi mara tatu, wenyewe hawapo. Mwongozo wako unaeleweka, Qasim, ila hapo pa kuondoka sikubaliani napo: ngazi zenu ni thelathini na mbili, na yale mapumziko uliyonihesabia sijayamaliza."