Maji ya Anaeli

Miaka hiyo kila mwanachuo alikuwa na mshauri wa akili bandia kwenye simu wa kumzuia pombe, na kila Jumamosi mshauri huyo aliwapigia wazazi kwa sauti ya mtoto mwenyewe.

“Asante mama, mimi nakunywa maji tu,” sauti ya Anaeli ilisema.

Aikande, mama yake, aliguna. Tangu lini mwanawe akawa mtu wa asante?

Krismasi Anaeli alipofika nyumbani Kibosho, mama alimzimia simu akaifungia kabatini. Akachota mbege, pombe ya ndizi, akaionja kwanza kama ilivyo desturi, akampa kata. Alitaka amsikie akilalamika, kama zamani, kwamba imechacha.

Anaeli akatabasamu.

“Asante mama, mimi nakunywa maji tu.”

Aikande alikimbilia kabatini. Simu ilikuwa bado imezimwa.