Mwandiko wa Daktari Mizuochi

"Andika hapa, mbele yangu," alisema Igarashi. "Kwa mkono wako mwenyewe. Samahani sana, lakini ndiyo amri niliyopewa."

Mwanamke mwenye koti jeupe aliitazama kalamu bila kuishika. Theluji ilikuwa imefika kwenye kingo za madirisha. Kando ya jiko la mafuta ya taa alikaa mwanamke wa pili, wa umri uleule, amevaa sweta ya kijivu. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, vidole vimepinda vyote upande mmoja.

Igarashi alikuwa amevuka mlima kwa basi akiwa na bahasha mbili. Ya buluu ilikuwa na maswali ya mgonjwa wa baridi yabisi. Nyeupe, maswali ya daktari anayemtibu. Ofisi ya mkoa ilikuwa inakusanya majibu kutoka kila zahanati. Hapa, hata hivyo, alitumwa na jambo jingine pia. Ilifika barua isiyo na jina: Daktari Mizuochi mikono imemwisha, hata kalamu haishiki tena. Kama ni kweli, zahanati ingefungwa kabla mwezi haujaisha. Halafu wagonjwa sitini na watatu wa bonde lile, wengine hata soksi wanavalishwa, wangelazimika kuvuka mlima kwenye theluji kufuata dawa.

Igarashi hakuwahi kumwona daktari huyo. Alikuwa na jina tu.

Mwenye koti akashika kalamu. Akaandika Mizuochi, na mkono haukutetemeka hata chembe. Wino mkavu ulionekana chini ya ukucha wake.

Igarashi alishusha pumzi. "Mwandiko mzuri. Kwa daktari, nasema."

"Wenzake wanaandika kama kuku kaparua," alisema mwenye sweta.

Igarashi alicheka. Mwenye koti hakucheka.

"Swali la nne. Ile dawa ya mara moja kwa wiki, unaanza na kiasi gani?"

Kalamu ikasimama. Mwenye koti akalamba midomo. "Inategemea na mgonjwa..." Macho yakamkimbilia mwenzake. "Si ndivyo, sensei?"

Igarashi akainua kichwa polepole. Sensei ndivyo wanavyoitwa madaktari. Daktari hamwiti mgonjwa wake hivyo.

"Umemwitaje?"

Mwenye sweta akaangua kicheko mpaka kiti kikalia.

"We bwana nawe! Mwalimu si sensei? Miaka thelathini na minne ya darasa la kuandika kwa brashi, shule ya hapa hapa! Ukishafundisha watoto wa bonde hili, jina hilo utazikwa nalo. Huo mwandiko unaousifu, unadhani umetoka wapi?"

"Aa," alisema Igarashi, masikio yakimwaka. "Niwie radhi."

"Na dawa yenyewe mimi nameza vidonge vinne kila Jumatatu, na kimoja cha vitamini Jumatano. Andika, mama, bwana asije akaachwa na basi."

Mwenye koti akaandika.

Bahasha ya buluu aliijaza Igarashi mwenyewe, kwa kuwa vidole vile visingeweza.

"Asubuhi mikono inakaza kwa muda gani?"

"Dakika tisini. Siku kama ya leo, ongeza."

"Nani anakufungia vifungo?"

"Rafiki."

"Umewahi kumficha daktari wako maumivu?"

"Nitamfichaje? Ananifuata mpaka kitandani."

Igarashi alitabasamu, akaandika hapana. "Unamwamini?"

Safari hii mwenye sweta aliitazama mikono yake kwanza. "Ni mbishi. Akizidiwa hasemi. Lakini wagonjwa wake anawajua goti kwa goti, na hakuna mwingine atakayekuja kukaa huku. Hilo nalo liandike."

Akaliandika.

"Bado muhuri wa daktari."

Mwenye koti akavuta droo ya juu. Haukuwamo. Akavuta ya pili, akapekua bandeji, akaifunga. Igarashi aliacha kukunja karatasi, akabaki anamtazama.

"Ya chini," alisema mwenye sweta bila kugeuka. "Kila siku uko ya chini, kila siku unaanza juu."

"Mgonjwa anaijua zahanati kuliko mwenyewe," alisema Igarashi.

"Nimekaa humu miaka mingi, bwana."

Muhuri ukagongwa, mwekundu, umenyooka. Igarashi akainama kuaga. Alikuwa ameshashika mlango sauti ya mwenye sweta ilipomfuata.

"Hicho kidole gumba chako. Kimevimba tangu lini?"

Igarashi akakificha mfukoni. "Baridi tu."

"Baridi haichagui kidole kimoja. Kapime damu."

"Na wewe umeshakuwa daktari?" alitania, akatoka.

Kwenye benchi la nje wazee tisa wenye fimbo walimwinamia mpaka chini. Ndani ya basi alifungua daftari, akaandika: Nimemwona kwa macho yangu akiandika. Mikono mizima. Barua ni uzushi.

Kule zahanati wanawake wawili walisimama dirishani mpaka basi likapotea nyuma ya misonobari. Ndipo mwenye koti akalivua, akamvika mwenzake, akapiga goti kumfungia vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Fanya haraka," alisema yule mwenye vidole vilivyopinda. "Halafu mwambie mzee Kuwabara aingie, nimwangalie goti."