Bonde Bila Nyumba

Sikudhani alikuwa mchoraji wa mandhari, binti wa mchonga milango na mfinyanzi. Asubuhi hiyo ofisa wa mji alimwita nyumbani kwake kilimani, amalizie picha ya bonde wakiwa barazani.

"Zile nyumba zifute, dada. Weka majani," alisema ofisa.

Sikudhani akazifunika kwa rangi ya kijani, moja baada ya nyingine, akiamini ni matakwa tu ya mtu apendaye utulivu. Ikabaki moja, yenye paa la bati lililojaa viraka.

"Na hiyo pia."

"Hiyo ni ya baba yangu, mheshimiwa."

"Najua."

Sikudhani akaiweka brashi chini. Ofisa hakukasirika. Aliichukua taratibu, akaichovya, akalipaka lile paa mwenyewe, ncha ya ulimi ikimtoka kama mtoto anayejifunza kuandika.

Sikudhani akakimbilia ukingo wa baraza. Kule bondeni baba yake alikuwa ameinamia mlango, akigonga patasi bila kuinua kichwa. Nyuma ya nyumba yake, wanaume wawili walikuwa wamemaliza kupigilia vigingi vya kupimia ardhi. Sasa walisimama wakitazama juu kilimani, wakisubiri amri.