Hodi ya Saa Kumi na Moja

Hodi ilipopigwa, dada wa kazi alikuwa tayari ameweka kiganja juu ya mdomo wa mtoto.

Hakumbana. Aliuweka taratibu tu, kama mtu anayefunika chai isipoe. "Shii, Bwana Mkubwa. Sasa hivi hapana." Kisha akamwachia, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda kufungua mlango.

Mama wa mtoto aliingia na harufu yake ya dawa za maabara, akavua viatu, akauliza swali lake lilelile kabla hata ya kuketi.

"Leo je?"

"Bado, mama."

Walipishana miaka mitatu tu, lakini kazi ni kazi. Mwajiri ni mama hata kama mnaweza kuazimana magauni. Mama akachukua daftari juu ya friji, akasoma. Kuchezea beseni la mchele: dakika kumi, mikono yote miwili. Fulana: amekubali kuvaa baada ya kukatwa lebo. Uji wenye mabonge: ametema. Maneno: hakuna.

Hilo lilikuwa "hakuna" la kumi na tisa, na yote kumi na tisa yalikuwa ya uongo.

Bwana Mkubwa alikuwa na miaka miwili na nusu, na jina hilo alilipata kwa haki, maana nyumba nzima iliendeshwa kwa masharti yake. Mashine ya kusagia juisi ilifungiwa kabatini kwa sababu mlio wake ulimfanya agonge kichwa ukutani. Akitaka kitu, alikushika kidole akakukokota hadi kilipo. Mtaalamu wa matamshi alikuja kila Alhamisi, akaacha maagizo. Msimpe kabla hajaomba. Hesabuni kimoyomoyo hadi kumi. Na kila mnachomtajia, kishikeni karibu na mdomo wenu, ili aone kitu na aone neno linavyotoka.

Dada hakuruka agizo hata moja. Kikombe karibu na mdomo: "kikombe." Mpira karibu na mdomo: "mpira." Na picha ya mama, ile ya kitambulisho cha kazini iliyokuzwa, mara thelathini kwa siku: "mama." Mwaka mzima. Kuna siku alilala na taya zinamuuma.

Ndipo siku moja, mvua ikinguruma juu ya paa, mtoto alipoinua mkono, akaisukuma picha pembeni, akagusa midomo ya Dada iliyokuwa nyuma yake.

"Mama," akasema. Alilitamka waziwazi, kama mtu aliyekuwa nalo siku zote ila hakuona haraka.

Dada alipiga kigelegele kabla hajaelewa. Akamwomba aseme tena, na mtoto akasema tena, akimshika mashavu. Alipoelewa, akaketi sakafuni. Msichana aliyemtangulia alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo: mtoto alimlilia yeye mbele ya mama yake. Dada aliihitaji kazi hii. Lakini kilichomtisha zaidi ni kuamka asubuhi mahali ambapo hakuna Bwana Mkubwa wa kumkokota kwa kidole.

Jioni hiyo mama alifika saa kumi na moja kama kawaida. Alikuwa ameloa chapachapa, ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu saa kumi. Akasema ufunguo umempotea, kwa hiyo kuanzia sasa atakuwa anabisha. Dada akashukuru moyoni.

Tangu hapo alihangaika kulirudisha neno kwa mwenyewe. Alibandika picha mlangoni, usawa wa macho ya mtoto. Akaibandika kwenye kikombe, kwenye kiti. Mtoto aliibandua, akamletea mkononi. "Mama," akasema, kama anayerudisha kitu kwa aliyekidondosha. Na Dada, aibu iliyoje, alilipenda neno hilo. Alilipenda kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja, kisha akalifunika kwa kiganja.

Siku ya ishirini, hodi ilimkuta jikoni na mapovu ya sabuni hadi viwikoni. Akakimbia sebuleni roho mkononi.

Bwana Mkubwa alikuwa amesimama akiuelekea mlango. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa mdomoni, amevikandamiza hadi mashavu yametuna. Alimtazama Dada kwa macho ya kungoja asifiwe.

Mwaka mzima Dada alikuwa akiubembeleza mdomo huo ufunguke, na sasa alikuwa ameufundisha kujifunga. Akafungua mlango na mapovu yake.

"Leo je?"

"Anasema, mama." Machozi yalishaanza. "Leo ni siku ya ishirini anasema. Mimi ndiye ninayemnyamazisha, kwa sababu neno lenyewe… ananiita mimi. Sikumfundisha hivyo, Mungu ni shahidi yangu. Nifukuze tu, mama. Lakini mtoto aachwe aseme."

Mama hakupaza sauti. Alipiga magoti na viatu vyake miguuni, akaviondoa viganja vya mtoto mdomoni, kimoja baada ya kingine, akavibusu. Mtoto akatazama juu, akanyoosha mikono kwa Dada.

"Mama," akasema.

Mama wa mtoto alifumba macho kidogo. Kisha akatia mkono mkobani, akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu, ule uliopotea, akauweka sakafuni katikati yao.

"Siku ile ya mvua nilirudi mapema, dada, nikamsikia," alisema. "Nabisha ili upate muda wa kumnyamazisha."