Mwitaliano wa Mchombe

“Kuanzia hapa mimi si Mtanzania,” Jofrey alimwambia Luciana, akafunga breki.

Alishusha miwani nyeusi machoni, akajifunga kitambaa cha vumbi mpaka juu ya pua, akaikaza helmeti. Nyuma yao Waitaliano wengine watatu walisimama wakihema. Walikuwa wakitoka Ifakara kwenda Mlimba kwa baiskeli, kwa hiari yao wenyewe, na walikuwa wamelipia mateso hayo.

Jofrey ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Ofisi ilikuwa imemwambia tu kwamba chakula cha mchana kitaliwa Mchombe, kwa mama mmoja anayejua kupika. Sasa aliuona ule ua wa matete na lile bati la bluu, akajua ni mama yupi. Ni Mama Agnella.

Jofrey alimpenda Agnella kuliko kitu chochote duniani. Mshenga wake alikuwa ameshapeleka posa, jibu bado. Yeye mwenyewe alifika pale mara moja tu kujitambulisha, ndani ya suti ya kuazima, macho chini muda wote. Leo alikuwa ndani ya sare ya kampuni: kaptula ya kubana isiyo na mfuko hata mmoja na isiyoficha kitu hata kimoja. Mwanamume anayeposa hamwonyeshi mama mkwe mapaja, achilia mbali hayo mengine.

“Basi wewe ni wa Roma,” alisema Luciana. Aliwahi kuishi Ifakara ujanani, na Kiswahili chake kilimtosha hata kugombana sokoni. “Nyamaza tu. Nitaongea mimi.”

Waitaliano waliingia uani wakiwa juu ya baiskeli zao, kuku wakatawanyika. Jofrey, kwa mazoea ya malezi, alishuka pale pale nje ya ua, akaikokota yake. Alipomwona Mama Agnella, magoti yalianza kujikunja yenyewe kwa ajili ya shikamoo. Akawahi kujifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vile havikuwa na kamba.

Mama Agnella alimtupia jicho mara moja, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa amejitanda kanga kichwani.

“Na huyu mweusi?” aliuliza, akiwa ameuelekea mgomba.

“Anatoka Roma,” alijibu Luciana.

“Roma kwa Baba Mtakatifu? Basi atuombee chakula.”

Jofrey alitokwa na jasho jipya juu ya lile la zamani. Kiitaliano chake chote ni kile alichookota njiani tangu asubuhi, Luciana alipokuwa akisimulia safari zake za baiskeli huko kwao, ambako kila kilima kina mji wa kale juu yake, na kila mji una ukuta, mnara na mgahawa wa bei mbaya. Alifumba macho, akafanya ishara ya msalaba.

“Siena,” alianza, kwa sauti ya padri siku ya Pasaka. “Volterra. Cortona, Perugia, Assisi. San Gimignano! Orvieto, Orvieto, Orvieto. Amina.”

Mmoja wa Waitaliano aliuma kofia yake.

“Amina,” aliitika Mama Agnella, kichwa kimeinama, mabega yakimtetemeka. Jofrey akamwonea huruma. Mama wa watu alikuwa ameguswa na sala.

Wali ulikuja unanukia, na kambale wa kukaanga pembeni. Wageni wote walipokea sahani mkononi mwa mama. Ya Jofrey aliitua kwenye kigoda katikati ya uwanja, akamwonyesha Luciana kwa kidevu aifikishe. Kisha akaketi upande wa pili, akampa Jofrey mgongo.

Kaptula imeniponza, Jofrey aliwaza. Ananionea kinyaa. Alikula ameuelekea ukuta, akiinua kitambaa kidogo kwa kila tonge kama mdokozi wa mboga.

“Nina posa ya binti yangu,” Mama Agnella alimwambia Luciana, kwa sauti ya kufika barabarani. “Kijana wa Viwanja Sitini, kule Ifakara. Anazunguka na wageni kwa baiskeli.”

“Ni kazi nzuri,” alisema Luciana.

“Kazi? Mwanamume mzima anakanyaga baiskeli Ifakara mpaka Mlimba, nyuma hana hata debe la mpunga! Yenyewe haina hata keria. Ukimuuliza anapeleka nini, anapeleka baiskeli.”

Jofrey alirudisha tonge kwenye sahani.

“Labda anampenda sana huyo binti,” alisema Luciana.

“Kumpenda anampenda. Wasiwasi wangu ni akili. Mtu wa namna ile akibanwa kidogo anaweza kufanya upuuzi wowote.”

“Sasa utamjibu nini?”

“Mshenga wake anakuja Jumapili. Mimi nimeshaamua.”

Jofrey aliweka sahani chini. Njaa ilikuwa imekwisha. Alimwona Agnella akiolewa na mtu mwenye keria, amekaa nyuma yake upande upande, wanaelekea gulioni. Machozi yalimlenga, akaishukuru ile miwani.

Wakati wa kuaga, Waitaliano walimwaga asante za kila aina. Jofrey alikuwa ameshashika usukani, anatafuta njia ya kutoka bila kugeuka nyuma, Mama Agnella alipoingia ndani na kurudi na kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Alimzunguka Jofrey kwa mbali, akaiweka mikononi mwa Luciana.

“Baba yake Agnella yuko njiani anarudi kutoka shambani,” alisema, macho kwenye mgomba. “Mpe mkwe wangu ajifunge.”