Maji Yakisema Mbili

Bangili ilikuwa peke yake juu ya sinia, imeoshwa kwa ndimu, inakauka. Bi Mwaija akasikiliza. Arafa alikuwa jikoni akicheka na binti yake. Chumbani hapakuwa na mtu. Akafungua pindo la kanga, akatoa bangili nyingine, msokoto uleule, kifungo kilekile. Akaiweka juu ya sinia, na ile ya kwanza akaifunga pindoni.

Hakuthubutu kuzitazama. Mikono ilifanya kazi, macho aliyapeleka dirishani.

"Nimerudisha," alisema kimoyomoyo. "Ya Rabi, umeona mwenyewe. Nimerudisha."

Bangili zile yeye na mke mwenzake Arafa walinunuliwa na marehemu mume wao, Seleman, kwa siku moja na kwa sonara mmoja, kwa kuwa mwenye wake wawili hana ruhusa ya kumpa mmoja akamnyima mwenzake. Ya Mwaija haikudumu. Ilimchopoka mkononi akiosha masufuria ya maulidi ufukweni, na bahari haikuirudisha. Kwa kumwogopa mumewe, alikwenda kwa fundi mwingine akatengenezewa ya shaba, risasi ndani, dhahabu juu. Fundi aliiongeza unene kidogo, uzito ukalingana.

Lakini hofu haikuisha. Arafa alipomzaa Adila mikono ilimvimba, akaivua bangili yake akaiweka kando ya mto. Mwaija ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto. Alasiri moja, Arafa amelala na mtoto kifuani, Mwaija akazibadilisha. Ikija siku zikapimwa, alijisemea, heri aibu imwangukie mwingine.

Tangu hapo hakupata raha. Dhahabu ya wizi aliiviringisha kitambaani, akaifukia chini kabisa kashani, hakuivaa wala kuikunjua. Arafa alipowaambia watu, "Dada ndiye aliyenilea uzazini," yeye aliinuka kutafuta kazi. Mume alipofariki walibaki wawili, nyumba moja, chungu kimoja. Mwaija alipougua kifua, Arafa ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, akipuliza kwanza. Na kila mwaka Arafa alimsaidia kuanika nguo za kasha, akarudisha kila kitu mahali pake bila kuuliza lolote.

Na leo ndiyo ile siku ya kupimwa.

Ilianza kama mzaha. Adila, ambaye sasa ni mwalimu wa fizikia huko Chalinze, aliletewa dhahabu na upande wa mchumba wake. Akaipima kwa maji, maana bandia zimejaa mjini. Habari zikafika Kiwangwa, kwa wakwe. Bi Somoe, shangazi wa bwana harusi, akatuma salamu kwamba anakuja kushuhudia ikipimwa ya upande wa pili, bangili ambayo Arafa anamrithisha binti yake. Adhuhuri akafika kweli, na tenga la mananasi na ulimi wake.

"Ya kwetu mmeipima," alisema akikaa mkekani. "Haya, tuione hiyo bangili ya urithi. Au ya mama mtu haipimwi?"

"Ipimwe, Bi Somoe, ipimwe," alicheka Arafa, akileta sinia. "Mimi yangu naijua."

Mwaija aliinamisha kichwa. Kama asingefanya alichofanya asubuhi, mwenzake angeumbuka hapa, mbele ya wakwe, na Adila angeingia nyumba ya watu na jina la mtoto wa matapeli. Alishukuru kwamba amewahi.

Adila aliipima bangili kwenye mizani ndogo. "Gramu thelathini na moja." Kisha akaweka juu ya mizani glasi ya maji, akabonyeza mpaka ikasoma sifuri, akaifunga bangili kwa uzi.

"Huo nao uganga gani?" aliuliza Bi Somoe.

"Si uganga, shangazi. Naining'iniza izame yote, isiguse chini. Itasukuma maji kiasi cha ukubwa wake, na mizani itatuambia ni kiasi gani. Dhahabu ni nzito, kwa hiyo thelathini na moja yake ni kitu kidogo. Maji yakisema mbili, ni dhahabu. Yakisema tatu, imejazwa vingine."

"Na yakinyamaza?"

"Basi utasema wewe, shangazi."

Wakacheka wote, hata Bi Somoe.

"Mama Mkubwa, mbona umekaa mbali? Sogea uone."

Mwaija akasogea. Kwa mara ya kwanza tangu binti huyu azaliwe, alimtazama Arafa usoni bila kukwepesha macho. Arafa akamsogezea mto wa kuegemea.

Bangili ikashuka. Ikazama. Vipovu viwili vikapanda. Namba zikacheza, zikatulia.

"Tatu," alisoma Adila. Akaitoa, akaifuta vizuri, akarudia. "Tatu."

Bi Somoe aliweka kikombe chini taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

Arafa hakuitazama glasi, wala hakumtazama mgeni. Alimwinamia Mwaija sikioni, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Dada, alasiri ile sikuwa nimelala. Ulipotoka kuchota maji niliitoa yangu kashani mwako, nikakuwekea yako. Mbona leo umeichukua yangu tena?"